Uzi wa Zari Mdomoni mwa Samaki

Thornhill, 27 Mei 2012

Dada yangu mpenzi Daulat,

Salaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti lako limeacha ukorofi, na joto la Tanga halikuonei. Mimi ni mzima wa afya. Wifi yako Farhat naye mzima, ingawa leo hasemi nami. Sababu utaiona chini. Baridi imeondoka, na tangu nistaafu kazi ya ghala nimepata wazimu mpya: navua samaki.

Usicheke. Mwalimu wangu ni Frank, yule Mhaya wa Bukoba niliyefanya naye kazi Brampton. Uvuvi wenyewe hautumii chambo. Unachukua ndoano ndogo, unaizungushia uzi na manyoya ya kuku mpaka ifanane na mdudu, kisha unarusha mshipi ili mdudu wako atue majini taratibu na samaki adanganyike. Nilimwambia Frank kuwa samaki mwenye akili hawezi kula manyoya. Akanijibu kuwa hata mimi nilikula ahadi za bosi wetu miaka kumi na minane.

Tunakwenda bwawa la High Park, ndani ya mji kabisa, leseni mfukoni. Samaki tunayemtafuta wenyewe humwita krapi: bapa kama perege, rangi ya fedha, mwenye madoa meusi. Nilipomweleza Farhat, hakuuliza ukubwa wala utamu. Aliuliza kama ana magamba, maana kwetu asiye nayo si halali. Nikamwambia anayo, na anatoka majini akiwa hai. Akaridhika, akaloweka ukwaju. Jumamosi tatu mfululizo nikarudi mikono mitupu, ukwaju ukaishia kwenye dengu. Frank akasema samaki wa pale wanapenda kitu kinachometameta.

Jana asubuhi maji yalikuwa yametulia tuli. Nilirusha, mdudu wangu akatua, na chini yake nikaona ubavu mweupe ukigeuka polepole. Mshipi ukakazika, nikauvuta taratibu mpaka ukingoni. Nilipomshika kiganjani, Subhanallah! Kila doa limewekwa mahali pake, pezi la mgongoni limesimama wima, jicho linanitazama bila kuniogopa. Miaka ishirini na sita nimeishi nchi hii nikidhani mazuri yake yote yako madukani. Bila kufikiri nikamkwaruza kwa ukucha wa kidole gumba kutazama magamba, kama mama alivyokuwa akifanya sokoni mpaka wauza samaki wakamchoka. Gamba moja likabaki ukuchani. Nililia, dada, mtu mzima wa miaka sitini na saba, mbele ya Frank. Kisha samaki nikamrudisha majini.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Uliniandikia nimpe Mehrunissa, anayesafiri kuja huko wiki ijayo, ule mtandio wa mama. Mama aliolewa nao, ukaolewa nao wewe, akaolewa nao Farhat, na sasa unamngoja mjukuu wako Sakeena kwenye harusi yake ya Shaaban. Mtandio unakuja, lakini si mzima. Juma lililopita niliutoa sandukuni ili niukunje vizuri. Pindoni uzi wa zari ulikuwa umelegea, unametameta. Nikajiambia nachukua huo tu. Nilipouvuta haukukatika; likafumuka ua zima, upana wa kiganja. Badala ya kuacha na kutubu, nikaufunga kwenye ndoano. Samaki wa jana alinaswa kwa zari ya mama. Nimemwambia Farhat leo baada ya chai.

Sina cha kujitetea. Wapo mafundi huku wa kuweka zari mpya, lakini naona haya kukudanganya wewe uliyemfumba mama macho. Mdudu mwenyewe yumo ndani ya bahasha hii. Ndoano nimeikata kwa koleo, haitamchoma mtu. Ukitaka, mtupe. Ukitaka, mshonee Sakeena penye lile pengo, umweleze kisa chake. Nimemwosha kwa sabuni mara mbili na bado ananuka samaki, na vidole vya mama vilinuka hivyohivyo alipokuwa akitufunga vifungo twende madrasa.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na Sakeena mpe dua zangu kabla hujampa habari. Ukinikasirikia, nigombeze; usininyamazie tu, maana wa kuninyamazia ninaye mmoja tayari.

Mdogo wako mkosaji,
Noordin