Sauti Yako Iliyobaki Kwenye Mitambo ya Watu

Mdogo wangu Saidi,

Vijana wanaoanza kutengeneza gemu za kwenye brauza huniuliza swali lilelile: dada, nianze na programu ipi? Najaribu kuwajibu kwa kifupi nashindwa, kwa sababu kila nikianza kueleza najikuta nakuzungumzia wewe. Basi nakuandikia wewe, na wao wasome wakipenda.

Unaikumbuka ile kompyuta mpakato tuliyoinunua mkononi mwa mtu pale mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, yenye herufi zilizofutika? Programu ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa ile kubwa, inayosifiwa na kila mtu mtandaoni. Kompyuta ilivuma kama mashine ya kusaga, ikachemka, ikaganda. Tulipofanikiwa kutoa kipande cha gemu tukampa dereva wa bodaboda wa pale kijiweni aifungue kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Alikitazama kile kiduara kinavyozunguka mpaka akachoka.

"Dada, hii itanimalizia bando kabla sijaiona."

Tukaachana nayo siku hiyohiyo.

Mimi nikataka tuandike kila kitu wenyewe kwa JavaScript, mstari kwa mstari. Gemu iwe nyepesi, ifunguke kwenye simu yoyote, mafaili yakae kwetu. Nilikuwa nimeshaanza kukufundisha. Mama alitusikia tukibishana kuhusu "kodi", yaani ile mistari ya programu, akatoa kichwa jikoni: "Kodi ya nani tena?" Ulicheka mpaka ukajishika mbavu, halafu ukazishika kwelikweli, kwa maumivu, na kicheko kikaishia hapo.

Ugonjwa wa selimundu ulizaliwa nao. Tulizoea kwamba baridi ya Juni ikiingia, wewe unaingia wodini. Mwaka ule maumivu hayakusubiri baridi. Yalikuja Oktoba, jua likichoma, yakarudi tena kabla hujapata nguvu za kutembea mpaka msikitini. Ulikonda, macho yakawa ya njano. Na ndipo ulipoipata ile programu nyingine, inayofanya kazi mtandaoni moja kwa moja: unaburuta picha kwa kidole, unabandika sauti, gemu inatembea.

Nikakuambia ubaya wake. Kila kitu kitakaa kwenye mitambo yao, na gemu haitafunguka popote ila kwao. Siku wakichoka, hatuna kitu.

"Dada," ukasema, "kwa njia yako wewe, mimi nitaiona imekwisha?"

Nikakusogezea kompyuta. Ukafungua akaunti kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, tukaanza.

Ulitaka gemu ya wapagazi. Ulisema tunaishi juu ya njia waliyopita na hakuna anayejua miguu yao ilikanyaga wapi. Mvua zilipoanza ukanilazimisha tuchukue bajaji hadi Itetemia, nje ya mji, tukaitafute hiyo njia ya misafara. Tukamkuta mama mmoja anapalilia karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kupima viwanja?"

Ukamweleza habari za misafara, pembe za ndovu, watu waliotoka Ujiji kwenda Pwani na mizigo kichwani. Alikusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaegemea jembe lake.

"Mimi hapa najua njia ya kisimani tu, baba."

Hakukuwa na kingine cha kuona. Karanga, vigingi vya viwanja, nyumba iliyoishia kwenye lenta, haijaezekwa. Ukaipiga picha ardhi tupu, na udongo ule ndio wanaoukanyaga wapagazi wetu.

Kwenye gemu, mchezaji anauongoza msafara kutoka Tabora hadi baharini. Mpagazi akiugua, anaachwa. Nilikuomba tuweke dawa, hata mizizi tu, mchezaji apate namna ya kumwokoa mmojammoja.

"Hawakuwa nayo."

"Basi wenzake wakae naye kidogo."

"Msafara hausimami, dada. Ukisimama siyo msafara."

Ukamchora mwenyewe yule anayebaki nyuma: amekaa chini, ametupa mgongo, hatuoni uso wake. Ulimchora ukiwa kitandani, na dripu mkononi. Nilijua unamchora nani. Nikakushikia kompyuta isiteleze.

Halafu ukaingiza sauti. Kila asubuhi ya safari kiongozi wa msafara huwaamsha watu: "Haya, amkeni! Mizigo kichwani!" Ulijifunika blanketi ili kelele za barabarani zisiingie, ukarekodi moja kwa moja ndani ya ile programu. Mwishoni unasikika ukivuta pumzi. Nilitaka kuikata ile pumzi, ukakataa.

Gemu ilikwisha nawe uliiona. Uliona watu wasiotufahamu wanaicheza, uliona yule dereva wa bodaboda akiwaonyesha wenzake kijiweni. Ulifariki asubuhi moja ya Machi, wakati mama ameenda kukuletea uji. Alirudi na chupa ya uji, akasimama mlangoni mwa wodi nayo. Tulikuzika kabla ya alasiri.

Sasa nikuambie yaliyofuata, maana huyajui.

Mama alinitaka nimwekee gemu kwenye simu yake. Kila siku akimaliza chai alikuwa anaifungua, anasikiliza "Haya, amkeni," anasikiliza pumzi yako, anaifunga. Hakuwahi kuicheza. Hakuwa na pengine pa kukusikia, Saidi. Wewe hukupenda kutuma ujumbe wa sauti, ulisema unakuchosha. Sauti yako yote iliyobaki duniani ilikuwa ile.

Siku moja akaniita. Juu ya gemu palikuwa na tangazo la Kiingereza.

"Wameandika nini?"

"Wanafunga, mama. Mwisho wa mwezi huu."

"Wanafunga gemu yenu?"

"Wanafunga kila kitu, za watu wote."

Taarifa walikuwa wameituma mapema, kwenye barua pepe yako, ambayo hakuna aliye hai anayeifungua. Ili niingie nichukue mafaili ilibidi nithibitishe kwa namba yako. Namba ilikuwa imekaa kimya, kampuni ya simu ikampa mtu mwingine. Nikaipiga. Akapokea mwanamume, nyuma yake nyundo zinalia.

"Samahani kaka, kuna tarakimu zimekuja kwenye simu yako sasa hivi. Naomba unisomee. Namba hii ilikuwa ya marehemu mdogo wangu."

"Marehemu!" akasema. "Leo mmekuja na marehemu. Nyie matapeli mnazidi kubuni."

"Wallahi kaka, si utapeli. Ni sauti yake naitafuta."

Akakata. Nilipopiga tena alikuwa ameshanifungia. Nikamtumia ujumbe mrefu kwa simu ya jirani, hakujibu. Wale wenye programu niliwaandikia kila siku, nikajibiwa na mashine kwamba maombi yangu yamepokelewa. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mafaili; kuirekodi tu sauti yako kwa simu nyingine nilikuja kuwaza muda umeshapita.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mama akanywa chai, akafungua simu. Ukurasa mweupe. Akaizima, akaiwasha.

"Labda bando."

"Siyo bando, mama."

Siku tuliyokuzika alilia kwa sauti, akashikwa na wanawake wenzake. Safari hii alikaa kwenye mkeka na hakukuwa na wa kumshika isipokuwa mimi, maana majirani ungewaambiaje, njooni msibani, ukurasa haufunguki?

Yule mtu mwenye namba yako alipiga baadaye. Ni fundi magari wa Kahama. Alimwonyesha mkewe ule ujumbe, mkewe akamwambia huyu anasema kweli. "Dada, nisamehe sana. Bado unazihitaji zile tarakimu?" Nikamwambia hapana, akae kwa amani.

Sina hasira na uamuzi wako. Nimeijenga gemu upya kwa njia yangu, mstari kwa mstari, na imenichukua zaidi ya muda uliokuwa umekubakia. Ulikuwa sahihi, usingeiona. Hilo haliniponyi, na nimeacha kulisubiri liniponye.

Picha zako nilikuwa nazo kwenye flashi. Kilichokosekana ni wito wa asubuhi. Nikamwambia mama nitamwomba binamu yetu anayekaa mtaa wa Cheyo aurekodi, ana sauti nzito inayofaa.

"Umtafute mtu awe Saidi?"

"Ni kiongozi wa msafara tu, mama."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Paache hivyohivyo."

Nimepaacha. Asubuhi ikifika, kiongozi anasimama, anafungua mdomo, hapatoki kitu. Wapagazi wanainuka, wanajitwika, wanaondoka. Wiki iliyopita mchezaji mmoja kaniandikia kwamba sauti haisikiki pale, nirekebishe. Nikamjibu kwamba gemu iko sawa.

Pumzika, mwana wa mama. Sisi huku tunaamka.

Dada yako