Mguu Juu ya Kaunta

Alhamisi, baada ya isha.

Goti bado linauma, na yote kwa sababu ya usawa.

Ndeshi, binti aliyerudi kutoka Ulaya na ujuzi wa baleti, ile ngoma ya Kizungu ya kuchezea ncha za vidole, alikuwa ameyapanga vizuri mazoezi ya leo: watoto wainue mguu hadi juu, sisi watu wazima tuishie magotini, wazee wanyooshe vidole tu, palepale chini. Mwenyekiti wa tawi akakataa. "Ndugu zangu, kugawa watu kwa umri ni kuleta matabaka!"

Basi wote tukapandisha mguu kwenye kaunta ya duka la ushirika, pale barazani. Nafasi ilikuwa tele. Mimi ndiye muuzaji, najua.

Wapita njia wakaona foleni mbele ya duka. Nani Kariakoo anaona foleni akaipita? Wakaunga nyuma na vikapu vyao. Jirani yangu Bi Mwanahawa, na uzee wake wote, akashika buibui, akapandisha mguu.

"Shikamoo, Bi. Vipi tena?"

"Marahaba. Si ndiyo masharti mapya ya sukari?"

Sukari yenyewe hatujaiona tangu... basi tu.

Ndeshi alitokwa machozi ya furaha. Mwenyekiti akatangaza kuwa wananchi wameipokea baleti kwa moyo mmoja. Nami nikazidi kunyoosha mguu, maana ningesema sukari hakuna, wangenigeukia mimi.

Sasa hivi Bi Mwanahawa amebisha hodi. Anauliza, akiweza kuinua na mguu wa pili, atapimiwa kilo mbili?

Nimemwambia nitamuuliza Mwenyekiti.