Magoti Yangu na Daftari la Shemeji

Jumapili, Agosti 1994

...na magoti yangu hayajawahi kukosea kutabiri mechi hata moja. Mwongo mimi! Mwaka huu yamekosea tatu.

Lakini ya jana! Shemeji yangu, Mwalimu Kasiani, alifungua daftari lake la matokeo. "Shemeji, hesabu haidanganyi. Majimoto wametufunga mara tano."

"Goti la kushoto linauma," nikamwambia. "Sisi Mpanda tunashinda."

"Ukikosea, unyamaze uwanjani mwaka mzima."

Mwaka mzima! Si bora mnizike tu. Niliogopa kweli, ila nikamjibu, "Sawa. Nikipatia, utanibebea kiti mpaka uwanjani."

Tumewafunga mbili bila. Leo nimezunguka mjini kama bwana harusi.

Sijamwambia mtu kwamba jana alfajiri niliwaona wale wachezaji wa Majimoto wakishuka kwenye lori la mpunga. Walikesha juu ya magunia, mmoja anasinzia amesimama. Daftari la shemeji linaandika mabao, haliandiki usingizi.

Basi shemeji, Jumatano kuna mechi. Njoo ubebe kiti changu, tena kichwani. Na usipite nyuma ya shule. Pita mbele ya madarasa, polepole, watoto wako wakiwa wanatoka.