Ndara za Ndani

Jumatatu, 2 Juni
Nimetembea kama kawaida, kutoka Bombolulu hadi karibu na Ziwa la Ng'ombe na kurudi. Chai bila sukari, kipande kimoja cha muhogo wa kuchemsha. Vidonge nimemeza. Miaka saba na kisukari na bado naenda kwa miguu yangu. Mungu ni mwema. Mama Karisa, mke wangu, ana sare kumi na mbili za kwaya za kushona kabla ya Jumapili, kwa hiyo mchana nimepika mimi. Mchicha ulizidi chumvi. Amekula bila kunung'unika, na hiyo si kawaida yake.

Alhamisi, 5 Juni
Mama Karisa ameona matone ya damu sakafuni. Akayafuata hadi kwangu. "Baba Karisa, hebu inua huo mguu!" Pini yake ya kushonea imezama chini ya kidole gumba, kimebaki kichwa tu. Labda tangu jana, labda juzi. Nimetembea nayo. Sikuhisi chochote. Hilo ndilo lililonitia hofu, si damu.

Ijumaa, 6 Juni
Dispensari. Nesi ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, lakini amenigombeza kama mama mkwe. Sukari iko juu. Kidole kimevimba, kina usaha. Kisipoanza kupona ndani ya wiki, nitapelekwa hospitali kubwa, na huenda kikakatwa. Kasema hivyo hivyo, waziwazi. Kisha akauliza nyumbani navaa nini miguuni. Sivai kitu. Nani huingia ndani na viatu? Kwa Mama Karisa hata padri alivua mlangoni. Nesi akasema mwenye kisukari avae ndara hata chumbani, na nyayo zikaguliwe kila siku. Miaka yote hii nachunga sahani, miguu nimeisahau.

Jumapili, 8 Juni
Hatukwenda kanisani. Sare zimepelekwa na jirani. Mama Karisa amelia jikoni akidhani simsikii. Anajilaumu kwa pini, na kwa kunivulisha viatu mlangoni. Nimemwambia si kosa lake. Kusema kweli naogopa.

Jumatano, 11 Juni
Bado kimevimba. Nesi amekisafisha, kisha akakitazama tena kwa karibu, na hilo sikulipenda. Nyumbani nimekuta ndara mpya kando ya kitanda, zimeoshwa kwa sabuni kabla hazijakanyaga popote. "Hizi ni za ndani. Ukitoka nazo nje utanitambua." Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, 13 Juni
Hakikatwi! Uvimbe umeshuka, nyama mpya imeanza kuota. Nesi amecheka hadi jino la mwisho likaonekana. Asante Mungu. Asante binti yule na ukali wake.

Jumapili, 29 Juni
Kidonda kimefunga. Kila jioni Mama Karisa huiweka miguu yangu mapajani na kuikagua kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole. Mwanzo niliona haya. Leo nimemwambia anipe yake. Akakataa, eti michafu. Mwishowe akanipa. Visigino vimepasuka. Mguu wa kulia una sugu nene, ya kukanyaga cherehani. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, sikuwa nimewahi kuiona. Nimempaka mafuta ya nazi, taratibu. Amesinzia hapo hapo kitini.