Chai Niliyompa Mkaguzi

Alhamisi, nyumbani

Kaka yangu mpenzi Hefin,

Salamu zangu zikufikie huko Aberdeen, wewe na wifi yangu Morag. Natumai goti lako limetulia na baridi ya huko haikuonei sana. Huku sote wazima. Mama anakula kidogo kidogo. Beti jirani anakusalimu na anasema sahani yake ya keki unayo wewe tangu Krismasi ya mwaka juzi, usidhani amesahau. Mimi mwenyewe sijambo.

Utashangaa kupata barua wakati kila Jumapili tunaongea. Kwenye simu kuna mambo hayatoki. Nikisikia tu sauti yako nageuka mtu wa mizaha, nawe hivyo hivyo, mpaka nusu saa inaisha tukichekana. Karatasi haichekeshwi. Basi nivumilie, maana leo nina maneno mengi.

Unajua kwamba mwezi wa pili ilikuja bahasha ya kaki ikisema posho yangu ya ulemavu itatazamwa upya. Unajua pia mkaguzi alikuja, na kwamba nasubiri jibu. Usilolijua ni jinsi ninavyosubiri. Tarishi hupita saa tano. Tangu saa tatu sinywi kitu, nisije nikawa msalani akipita. Nakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, nakodolea macho tundu la barua mlangoni. Kikianguka chochote, natazama kwanza rangi ya bahasha. Usiku nawaza rangi ya kaki. Naogopa, Hefin. Nina miaka hamsini na saba na sijawahi kuogopa karatasi namna hii.

Jibu likiwa baya, posho inakatwa, na gari linalolipiwa nayo linarudishwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Bila zile pedali zake za mkono, maana miguu haikanyagi, siendi popote, na basi siku hizi halipandi mtaani kwetu, linaishia chini kwenye duka la dawa. Kuteremka mlima wetu huenda nikaweza, kuupanda sahau. Na Mama je? Jumatano na Jumamosi, ninapomwendea kule nyumba ya wazee, ndizo siku anazomaliza sahani. Wahudumu wa pale ni watu wema, lakini wakimpelekea kijiko anafumba mdomo kabisa. Mimi namlisha kama alivyotulisha sisi, kijiko hiki cha Baba, hiki cha Hefin, hiki cha paka. Kwenye cha paka anacheka, na akicheka mdomo unafunguka. Muuguzi alinionyesha uzito wake wa wiki ile nilipougua nikakosa kwenda. Sikuupenda.

Sasa nikueleze juu ya mkaguzi, maana kwenye simu nilikuambia tu kwamba mambo yalikwenda vizuri.

Beti alikuja siku moja kabla kunipa mafunzo. "Sikiliza, Eluned," akaniambia, "kesho ukae na gauni la kulalia. Nywele timutimu. Vyombo viache sinkini vinuke. Akikuuliza hali, lia." Nikamwambia tangu nizaliwe sijapokea mgeni na gauni la kulalia. Akaniita punguani, akaondoka akilalamika hadi kwake. Asubuhi nikaosha nywele, nikapaka rangi ya midomo, nikatoa vile vikombe vya Mama vyenye maua. Sebule nilikuwa nimeifuta siku mbili, kipande baada ya kipande, nikipumzika.

Angekuja mtu mkali ningejua la kufanya. Akaja kijana mpole, jina lake Ludlow, akajifuta viatu mara tatu mlangoni, akaisifu picha ya Baba. Akaniuliza, "Hujambo, Bi. Prosser?" Nikamjibu, "Sijambo, mwanangu, na wewe je? Mlima wetu haujakuua?" Akacheka, akafungua kompyuta, akaanza kubofya. Baadaye Bi. Anwen wa ofisi ya ushauri aliniambia kwamba ukaguzi ulikuwa umeshaanza pale pale mlangoni. Mimi nilidhani tunasalimiana.

Kisha nikamuuliza kama atakunywa chai. Akasema asante, lakini usijisumbue. Hilo "usijisumbue" ndilo lililoniponza. Katika bonde letu hili, ni nani aliyewahi kuambiwa asijisumbue akabaki kitini? Nikainuka. Kila siku Beti ndiye anayenijazia chupa ya chai asubuhi, kwa sababu birika la moto nimekatazwa, lakini siku ile nililinyanyua kwa mikono miwili, tumbo nimeliegemeza kwenye sinki. Nikabeba sinia mwenyewe, na vikeki vya zabibu juu yake, miguu ikitetemeka ndani ya sketi na meno yote nje kwa tabasamu. Alikula vitatu. Aliniuliza kama huwa naanguka, nikasema mara moja moja. Ni mara mbili kwa wiki, Hefin, wiki nzuri. Aliniuliza kuhusu kutembea, nikasema najikongoja, nafika. Naye akabofya.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi nimepona. Nimepona ndani ya kompyuta yake.

Wewe unajua ugonjwa huu tumeurithi kwa nani, na sisemi ule wa neva. Unakumbuka siku Baba alipoitwa mbele ya madaktari wapime vumbi la makaa ya mgodini kifuani mwake? Alivaa suti ya kanisani, akang'arisha viatu, akapanda ngazi zile zote bila kushika ukuta, eti madaktari wasimwone amejishikilia. Wakaandika kifua chake kina nafuu, na fidia hakupata. Mama alilia mpaka kwenye basi, na Baba akimwambia anyamaze, watu wanatazama. Na ile Jumatano yake ya mwisho hospitalini, daktari alipomuuliza hali, alitoa mpira wa hewa puani ili amjibu vizuri kwamba hajambo. Alhamisi tukamkosa.

Nimesimama kidogo, tarishi amepita. Ni tangazo la madirisha. Nimelikunja, naendelea.

Bi. Anwen anasema wakininyima nina mwezi mmoja wa kupinga, kwa hiyo nianze sasa kuandika yanayonipata, kwa tarehe, bila utani. Alinipa kalamu pale pale. Nikaandika: "Kwa jumla naendelea vizuri, isipokuwa." Akanipokonya karatasi huku anacheka. "Dada, hapa unaomba kazi au posho? Mwandikie mtu unayempenda, kisha uniletee nakala." Ndiyo maana unasoma haya.

Jambo lenyewe ndilo hili, na nimelizunguka kurasa tatu.

Jumanne ile mkaguzi aliondoka saa sita na robo. Ningeweza kuviacha vikombe pale mezani. Nikaona aibu ya vikombe vichafu, nikalinyanyua sinia, na katikati ya meza na jiko miguu ikakata, kama taa iliyozimwa. Kikombe kimoja cha Mama kilivunjika mkono. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Saa saba ukapiga wewe kuuliza habari za ukaguzi. Ukanitania kwamba mbona nasikika kama niko chini ya meza.

Nilikuwa chini ya meza, Hefin.

Nilikuambia nakanda unga, ndiyo maana nahema. Ukasema vizuri, kama unakanda unga basi umewashinda, ukaniambia nikuwekee mkate. Nikacheka. Ukaaga. Nikabaki pale kwenye vigae hadi saa kumi Beti aliporudi kutoka kliniki, na nilikuwa nimejikojolea. Simu ilikuwa mkononi muda wote huo. Ungeweza kumpigia Beti, ungeweza kuniitia gari la wagonjwa, na mimi nikakuambia sijambo. Yule kijana nilimdanganya saa moja tu. Wewe nimekudanganya miaka miwili, kila Jumapili, na sijui kama utanisamehe upesi. Jibu la wizara likija limeandikwa kwamba mimi ni mzima, nitamlaumu nani? Nilisema mwenyewe.

Basi lifute lile "sijambo" la mwanzo wa barua hii. Lilitoka kabla sijalizuia. Nakala naipeleka kwa Bi. Anwen kesho, pamoja na hilo la kujikojolea, ingawa uso umenishuka kuliandika.

Msalimie sana Morag, na mwambie sweta imenitosha. Beti anasisitiza sahani yake. Mama hakukumbuka jina lako Jumatano, lakini kijiko chako alikimeza.

Nina ombi moja. Jumapili ukipiga simu, niulize hujambo kama kawaida. Nitakujibu sijambo, siwezi kujizuia, ndivyo tulivyolelewa. Usicheke wala usigeuze maneno. Niulize mara ya pili.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Eluned