Marehemu Hafungwi

Salumu ndugu yangu,

Kesi imekwisha. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nakujua, hukuwa mtu wa kungoja salamu ziishe. Ulikuwa ukinikatiza hata nikikuuliza habari za watoto: "Bon, Ramazani, sema kilichokuleta." Haya, nimesema. Kesi imekwisha na jina lako limetoka safi. Sasa tulia nikusimulie, maana leo huwezi kunikatiza.

Siku tuliyokuzika, sheikh aliuliza kama ilivyo kawaida yetu: mwenye haki yoyote kwa marehemu ajitokeze, au amsamehe. Watu wa Mbugangari wakajibu wote kwamba wamekusamehe. Nani angekudai? Labda mimi, kwa utani wako. Halafu nikamwona mtu amesimama pembeni, kofia mkononi. Alikuwa mume wa yule mama wa Kanzenze, yule aliyekuwa akitembea kando ya barabara na kikapu cha maharage kichwani wakati kamyo, lile lori la viazi, ilipokushinda kwenye mteremko wa Nyundo ikamgonga. Alikuwa amemzika mke wake jana yake tu. Mtu akamfasiria maneno ya sheikh kwa Kinyarwanda. Akafikiri, kisha akasema, "Sijajua bado nimusamehe nani." Akavaa kofia yake akaenda zake. Wallahi, Salumu, neno lile halikunitoka. Sikuweza hata kunywa chai ya matanga.

Tajiri wetu, mwenye ile kamyo tuliyomwendeshea mimi na wewe, naye alikuja. Sukari alileta, mchele alileta, sanda alinunua yeye. Alilia pia, na naamini machozi yake yalikuwa ya kweli. Halafu akanivuta barazani. "Ramazani, marehemu hafungwi. Mi nitafungwa, we utakosa kazi, watoto wake watalala njaa. Tuseme alikuwa anakimbiza kamyo. Itamuuma nani?" Nikamwachia baraza nikaondoka. Kesho yake mkeo akaniita, macho yamemvimba, akaniambia karibu maneno yale yale: "Shemeji, acha waseme vile. Tajiri ameahidi watoto watakula. Salumu iko kwa Mungu, na Mungu anamujua." Ningemwambia nini Mama Hadija? Njaa ya watoto wako si hadithi.

Basi nilikaa na hasira. Nilimkasirikia tajiri, nikamkasirikia mkeo, nikakukasirikia hata wewe. Halafu siku moja napita sokoni, kuku akanikatiza njia, nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilikumbuka siku uliyosimamisha kamyo nzima kwa ajili ya kuku wa mtu, ukashuka kumfukuza kwa mikono huku anakuzungusha, na mwenye kuku akatutukana juu ya hayo. Mtu huyo ndiye aitwe mkimbiza kamyo? Ebo! Nikasema hapana. Sisemi uongo juu ya mtu ambaye hawezi kuinuka akajitetea.

Siku ya kesi, tribunali ilijaa hadi madirishani. Jaji ni Mzungu mzee, anasikiliza amefumba macho, na pembeni yake mkalimani wa Kiswahili. Wakili wa tajiri akasema kamyo ilikaguliwa na serikali na ikapita, kwa hiyo kosa ni la shofa, wewe uliyeshika usukani. Nikaulizwa. Nikasema, "Ni kweli ilipita, Bwana Jaji. Ilipita tupu, kwenye uwanja tambarare mbele ya ofisi. Pale hata toroli lisilo na freni lingesimama lenyewe." Mkalimani alicheka kabla hajafasiri. Jaji hakucheka, alifumbua macho. Akauliza: kama shofa alijua freni hazishiki, kamyo haisimami, kwa nini aliondoka?

Hapo nikaeleza yote ya asubuhi ile. Ulimwambia tajiri mbele yangu, pale uani, kwamba freni unazikanyaga na kuzikanyaga tena ndipo zinashika, na kwamba kurudi na shehena ya viazi kwenye mteremko ule ni kujitafutia kifo. Akasema safari hii tu, tutatengeneza ukirudi. Ukakataa. Ndipo akaninyooshea mimi ufunguo: "Basi Ramazani ataenda." Mke wangu alikuwa amejifungua wiki ile ile. Ukanitazama mara moja, ukaunyakua ufunguo kabla sijafungua mdomo. "Lete hapa. Huyu anaendesha kama anachunga mbuzi." Ukatuchekesha, ukaondoka.

Jaji akaniuliza, "Na wewe ungekwenda?"

Nikasema, "Ningekwenda, Bwana."

Nikamsikia Mama Hadija analia nyuma yangu. Hakuwa akilijua jambo hilo, na mimi sikuwa nimepata mdomo wa kumwambia.

Tajiri amefungwa. Ameamriwa pia kulipa fidia, kule Kanzenze na kwako nyumbani. Bado haijafika, serikali unaijua ilivyo. Mama Hadija anakaanga mandazi, na yule Hadija wako anayauza kwa ulimi wako ule ule, mteja hapumui. Siku chache mkeo alinipita bila salamu. Sasa ananiita tena shemeji, na juzi ameniletea mandazi yaliyoungua, akisema mazuri ni ya wanaolipa. Nikajua tumepatana.

Na kamyo sasa zinakaguliwa zikiwa na mzigo, kule kule mteremkoni. Kupakia watu juu ya magunia ni marufuku. Mashofa wananung'unika kwamba wanacheleweshwa. Nawaacha wanung'unike.

Yule mzee wa Kanzenze aliningoja nje ya tribunali. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ule wenu nimemusamehe," akasema. "Ule mwingine anipe muda." Nilikwenda mbio kumwambia sheikh, naye akakuombea palepale, viatu mkononi. Huna deni na mtu, Salumu. Pumzika.

Mimi kwa sasa nabeba mizigo mpakani, mgongo unanilaumu. Kuna tajiri mmoja wa Goma anatafuta shofa, nadhani atanichukua. Nimemkumbuka Mungu, nimekukumbuka wewe, na nimejiwekea ahadi. Siku nitakapopewa kamyo ambayo freni zake hazishiki, sitatosheka na kukataa peke yangu. Nitakwenda kwanza nyumbani kwa shofa mwenzangu, kabla tajiri hajamfikia, nimwambie: mi nimekataa, na we kataa. Ndivyo tulivyopaswa kufanya asubuhi ile, ndugu yangu. Ufunguo ulikuwa mmoja, na mashofa pale uani tulikuwa wawili tu: tungekataa wote, kamyo isingeondoka.

Ramazani wako