Usimlaze mtoto kwenye ile gesti

Generoza, ile gesti niliyokuambia, usije. Usije kabisa.

Tumefika Mwanza kutoka Bariadi mchana huu, watoto wanawaza michezo ya maji tu. Mume wangu Masele ndiye aliyepachagua kwa sababu ni rahisi na mwenye gesti ni mtu wa Lalago, kwao. Eti mtu wa kwetu hawezi kutulaza pabaya. Tukapokewa kwa mwadila, ile salamu ya Kisukuma, ya heshima mpaka nikalegea.

Nafunua blanketi, shuka ina madoa ya damu na nywele za mtu. Nikamwita dada wa usafi.

Unajua alifanya nini? Aligeuza shuka. Mbele ya macho yangu aliigeuza, akaipigapiga, akasema, "Mama, upande huu haujalaliwa."

Haujalaliwa.

Nikainua godoro, kunguni wanatembea. Mwenye gesti akacheka, "Shemeji, kwani Bariadi hamna kunguni?" Masele naye akacheka, anaona aibu kumkatalia mtu wa kwao. Nimemwacha acheke naye.

Nimewatoa watoto, tunaenda kwa wifi Jenifer, tutalala chini.

Wewe kesho pitiliza huko huko. Unakuja na mtoto wa miezi mitatu, hata kujikuna hajui.